Ng'ombe Wanane kwa Gari la Kulala

Vijana wa gereji, siku ile mliponiaga na kunikalisha kwenye kiti cha mbele, mkanipa shuka na soda mbili, mliniomba nieleze jinsi nilivyojifunza kazi ya kupatana bei. Nilisema maneno machache, nikashindwa. Sasa nimekaa nyumbani Nkende. Macho yangu bado yanaona karatasi ingawa nati ndogo hayaioni tena, kwa hiyo nitaandika nilichoshindwa kusema. Wengine mlitegemea siri za biashara. Zipo chache, mtazipata njiani. Lakini hasa nataka kuwaeleza habari za gari moja ambalo nilipatana bei yake vizuri kuliko yote, na ambalo natamani nisingeligusa.

Nilianza kazi kwa Mzee Salehe nikiwa na miaka ishirini na mitatu, baada ya kubeba magunia ya kahawa kwenye lori hadi mgongo ukakataa. Baba yake Mzee Salehe alitoka Tanga, akaja kushona nguo hapa Tarime, na mtoto akazaliwa hapa hapa. Alijua Kikurya kuliko mimi nilivyojua Kiswahili chake. Gereji yake ilikuwa uwanja wenye miti miwili ya mkaratusi na shimo alilochimba mwenyewe kwa sururu ili aweze kusimama chini ya magari. Alikuwa fundi, na pia alikuwa mtu wa kati. Muuzaji na mnunuzi wakishindwana walimwita, akalipima gari, akasema thamani yake, na mara nyingi mambo yakaishia hapo.

Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipa bisibisi ndefu, akaniambia niweke ncha yake kwenye injini inayonguruma na mpini wake sikioni.

"Unasikia nini?" akauliza.

"Kelele, Mzee."

"Basi kaa hapo mpaka usikie zaidi ya kelele."

Nilikaa siku tatu. Siku ya nne nilisikia vali moja inagonga, nikamwambia. Akaniambia nikale.

Nyinyi hamkuyajua magari ya miaka ile. Gari jipya lilihitaji kibali, na kibali kilihitaji sababu, na sababu ya mkulima wa Tarime haikutosha kamwe. Tulichouziana ni magari ya wageni waliokuwa wakirudi kwao: wataalamu wa wanyama huko mbugani, wahandisi wa barabara, madaktari wa misheni, watu wa kupima madini upande wa Nyakunguru. Baadhi yao, sijui kwa nini, walikuja na magari ya spoti. Yalikuwa na milango miwili, viti viwili, boneti ndefu na tumbo linalogusa majani. Sisi tuliyaita magari ya kulala, kwa sababu dereva wake alinyoosha miguu kama mtu aliye kitandani.

Gari la kulala lilikuwa na maadui wawili hapa kwetu, barabara na majirani. Barabara mnaijua. Majirani ni kwamba ukionekana kwenye gari la watu wawili wakati wenzako wamepanga foleni ya sabuni, uliitwa kupe, na jina hilo lilikufuata hadi kwenye mkutano wa kijiji. Kwa hiyo mnunuzi hakuja akisema anataka gari. Alikuja kusalimia. Aliuliza habari za mvua, za ng'ombe, za wagonjwa, kisha akaliona gari kama vile amelikuta kwa bahati mbaya. Na bado watu waliyataka. Mtu aliyetembea kwa miguu maisha yake yote, akikaa ndani ya kitu kile na kusikia kinavyovuta, uso wake ulibadilika. Kazi ya mnunuzi ilikuwa kuuficha uso huo.

Mzee Salehe alinifundisha mengi. Kabla hujasalimia gari, weka kiganja kwenye boneti, maana likiwa la moto wameliwasha mapema kwa sababu asubuhi linasumbua. Tembea na sumaku ndani ya leso, uipitishe kwenye bodi. Pale isiposhika, chini ya rangi kuna puti, ule udongo wa kuzibia mabonde, na chini ya puti kuna habari ya ajali. Usitaje bei ukiwa umesimama. Usilitukane gari mbele ya mtu aliyelipenda. Na la mwisho, ambalo alilirudia kila mara: kasoro uliyoiona waambie wote wawili, kwa sauti moja, na uiseme kwa ukubwa wake.

Hilo la mwisho niliona ni la watu wa zamani. Mimi nilipenda upande mmoja ushinde, na nilipenda uwe ule uliokuja na mimi. Nilikuwa na kipaji, nasema bila majivuno, maana hakikuniletea heri. Nakumbuka huko Sirari, mpakani, mfanyabiashara mmoja mnene aliingia kwenye gari la kulala kulijaribu, akashindwa kutoka. Muuzaji akasema haidhuru, sasa ni lake. Tulipatana bei yule bwana akiwa bado mle ndani, na mimi nikamshusha muuzaji kwa kumuuliza kama yuko tayari kukata mlango. Watu walicheka mwezi mzima. Jina langu lilianza hapo: mwite Mwita, atakupunguzia.

Ndivyo Chacha Magige alivyonijia. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, na alitaka kufika minadani kabla ya wenzake. Hiyo ndiyo sababu aliyoisema. Sababu ya kweli ni kwamba alikuwa ameliona gari jekundu upande wa Mugumu na hakulala vizuri tangu siku hiyo. Mzee Salehe alikuwa anaumwa miguu, hakuweza kusafiri. Aliponiaga aliniambia jambo moja tu.

"Ni la mjane, Mwita. Nenda taratibu."

Ilikuwa miaka ile watu walipohamishiwa kwenye vijiji vipya. Tulipanda lori hadi Mugumu, kisha tukatembea. Kijiji kilikuwa bado kinanuka udongo mbichi, nyumba zimepangwa mistari, nyingine hazina milango. Mwisho wa mstari wa tatu palikuwa na kibanda cha nyasi kisicho na ukuta, na chini yake gari jekundu. Lilikuwa limeoshwa. Kuku walikuwa wamefukuzwa, lakini manyoya yao yalibaki.

Mwenye gari alikuwa Rebeka, watu walimwita Mama Robi. Mumewe alikuwa fundi wa mtaalamu mmoja wa wanyama huko mbugani, na yule mgeni alipoondoka alimwachia gari lake la spoti kama zawadi ya kuagana. Baba Robi alilikuta limechakaa. Akaliinua springi ili lipite kwenye mawe, akalipaka rangi kwa mkono, akaliendesha miaka miwili, kisha akaugua kifua na kufariki. Pembeni ya mjane alisimama shemeji yake, Wambura, mdogo wa marehemu. Huyo ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo.

"Shikamoo, Mama," nikasema, ingawa hakunizidi sana.

"Marahaba, mura," akajibu, akiniita kijana kwa Kikurya. "Karibuni mkae."

Tulikaa kwenye vigoda, tukapewa togwa. Chacha aliuliza habari za mvua. Mama Robi hakuwa na muda na mvua.

"Mmekuja kwa ajili ya gari," akasema. "Nataka ng'ombe kumi na watano."

Sikuwa nimesikia muuzaji akianza hivyo. Chacha alikohoa, akasema sita. Niliinuka kulikagua. Boneti ilikuwa baridi. Sumaku ilishika kila mahali. Matairi mawili yalikuwa vipara, nikasema kwa sauti, akakubali, akashuka hadi kumi na watatu. Kioo cha nyuma kilikuwa na ufa, akashuka hadi kumi na wawili. Chacha alipanda hadi wanane. Hapo Mama Robi akaweka mikono juu ya magoti.

"Kumi na wawili. Chini ya hapo sina ruhusa."

Alisema ruhusa. Nililisikia neno hilo. Mtu anayeuza mali yake hasemi ruhusa, anasema sitaki. Fundi mzuri angeuliza, ruhusa ya nani, Mama? Mimi niliona tu kwamba amefika mahali pagumu, na kwamba nahitaji nyundo kubwa zaidi.

Nikaomba ufunguo. Nikaliwasha, nikazunguka uwanja wa kijiji mara mbili, watu wakitazama. Lilivuta vizuri ajabu. Kwenye gia ya tatu ilisikika sauti, kama mtu anayetafuna kokoto. Nilijua papo hapo ni nini. Ilikuwa bushi ya mkono wa gia, kipande kidogo kinachoenea kwenye kiganja. Ilikuwa imelika, mkono unacheza na kugonga bati. Ungeweza kuchonga nyingine kwa mpira wa tairi kuukuu, na jioni ukawa umemaliza.

Nikalirudisha kibandani, nikazima, nikakaa kimya kidogo ndani kama daktari.

"Giaboksi," nikasema nilipotoka.

"Giaboksi ina nini?" akauliza Wambura.

"Inasaga. Siku ikifa, gari hili litakuwa banda la kuku. Spea zake hazipo Musoma, hazipo Mwanza."

Kuhusu spea ilikuwa kweli, na ndiyo maana uongo ulipita vizuri.

Mama Robi alitikisa kichwa. "Giaboksi aliifungua Baba Robi mwenyewe. Wiki nzima alikuwa chini ya gari. Na alipokuwa kitandani aliniambia, mtu akikuambia giaboksi ni mbovu, usimsikilize. Alinishika mkono akaniambia hivyo."

Nilikuwa na jibu. Siku hizo sikukosa jibu.

"Mama Robi," nikasema kwa upole kabisa, "mtu akiwa mgonjwa husema maneno ya kumtuliza aliyekaa naye."

Hakunitazama mimi. Alilitazama gari, kwa muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa habari mbaya za mtu anayemjua. Chacha aliinamisha kichwa. Wambura akasema, "Fundi amesema."

"Basi semeni ninyi," akajibu Mama Robi, na akaingia ndani.

Tulimaliza na Wambura. Ng'ombe wanane. Chacha aliliendesha gari hadi Tarime na mimi pembeni yake, miguu tumeinyoosha, naye akicheka peke yake kila tulipovuka daraja. Alininunulia koti. Nililivaa siku iliyofuata kazini.

Mzee Salehe aliniuliza kasoro nilizoziona. Nikamtajia matairi, kioo, na ile bushi.

"Ulimwambia ni bushi?"

"Nilimwambia giaboksi."

Alikuwa anafunga kabureta. Aliendelea kuifunga mpaka skrubu ya mwisho. Kisha akasema, "Usinisimulie tena," na wiki mbili hakunituma kwa mteja yeyote.

Mwezi haukuisha kabla Wambura hajafika Tarime mnadani. Alipita gereji kusalimia, bila kinyongo, kwa sababu kwake yeye mambo yalikuwa yamekwenda kama yalivyokwenda. Akakaa kwenye pipa, akasimulia. Binti wa marehemu, Robi, alikuwa kidato cha pili huko Musoma. Ng'ombe wa ukoo walikuwa wameibwa mwaka uliotangulia, na wazee walitaka binti aolewe ili zizi lirudi. Mama yake alikataa. Wakabishana sana, mwisho wakakubaliana mbele ya mjumbe wa nyumba kumi: mama akileta ng'ombe kumi na wawili kwa lile gari, mtoto ataachwa amalize shule. Akishindwa, wazee wataendelea.

"Tungepata kumi na wawili tungemwacha," Wambura alisema. "Tulikuwa tumekubaliana. Lakini giaboksi mbovu ungefanya nini?"

Nilikwenda kwa Chacha siku hiyo hiyo. Nilimweleza yote, nikamwomba aongeze ng'ombe wanne.

"Wewe ndiye uliyesema wanane wanatosha," akanijibu.

"Nilisema uongo."

"Sasa nitajuaje kama husemi uongo leo?"

Nilirudi gerejini.

Nilikuwa na ng'ombe wangu wawili kwa baba yangu Itiryo. Wengine wawili ningeweza kuwaomba kwa mjomba. Nilipanga kuwapeleka. Lakini mvua zilikuwa zimeanza, mto umejaa, na kazi gerejini ilikuwa nyingi, na mjomba alikuwa mtu wa maswali. Nikasema nitangoja mvua ipungue. Vijana, nimeyapima maneno hayo miaka yote. Mto ulikuwa umejaa kweli. Lakini malori yalikuwa yanavuka. Kilichonizuia ni kwamba ningelazimika kumwambia Mama Robi kwa nini nawaleta ng'ombe hao. Mvua ilipopungua nilimtuma dereva mmoja aulizie, akarudi akaniambia msichana ameshaolewa. Tena ameolewa Itiryo, mwendo wa saa moja kutoka kwa baba yangu.

Baada ya hapo niliendelea na kazi, kama watu wanavyoendelea. Mzee Salehe alifariki, mimi nikabaki na shimo na mikaratusi. Vilikuja vile vipindi vibaya, petroli kwa kipimo, Jumapili mchana magari hayatembei, plagi moja tunaisafisha mpaka inang'aa kama kijiko. Nilianza kusema kasoro kwa ukubwa wake, pande zote mbili, na baadhi ya wateja walinihama. Walitaka yule Mwita wa Sirari. Sikuwalaumu.

Mwaka wa saba tangu alinunue, Chacha alilileta gari jekundu gerejini. Klachi ilikuwa imekwisha, na ili kuitoa ilinibidi nishushe giaboksi. Kwa kuwa nilikuwa nayo mezani, nikaifungua. Sikuwa nimewahi kuiona ndani. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Beringi zilikuwa nzima, meno ya gia hayana hata kovu. Gasketi haikuwa ya dukani, ilikuwa imekatwa kwa mkono kutoka kwenye boksi la karatasi ngumu, na imekatwa kwa uangalifu ambao sijauona kwa fundi mwingine yeyote, matundu yote ishirini na kitu yakiwa duara kamili. Baba Robi alikuwa amefanya kazi ambayo mimi nisingeweza. Nilikaa na ile gasketi mkononi mpaka mafuta yakanitiririka hadi kwenye kiwiko.

Kesho yake nilikwenda Mugumu.

Mama Robi alikuwa anapukuchua mahindi nje ya nyumba. Alikuwa amezeeka kuliko miaka saba. Alinitambua kabla sijasema.

"Fundi."

"Shikamoo, Mama Robi."

"Marahaba."

Nilibaki nimesimama, nikamwambia. Kwamba ile sauti ilikuwa bushi tu. Kwamba nilijua. Kwamba nimeifungua giaboksi jana na ni nzima, na aliyeifunga alikuwa fundi kunishinda.

Mikono yake iliacha kupukuchua.

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua."

Nilitegemea anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima. Badala yake alianza kuongea juu ya mumewe.

"Nilimkasirikia," akasema. "Nilisema, mtu huyu ameniachia gari bovu na maneno matamu. Alinishika mkono akanidanganya. Mwaka mzima sikwenda kusafisha kaburi lake, mpaka mama mkwe akanigombeza. Watu walidhani nina uchungu wa Robi. Nilikuwa na uchungu wa Robi. Lakini na yeye nilimkasirikia."

"Hakukudanganya, Mama."

"Nimekusikia." Akachukua hindi jingine, akaliweka tena chini. "Kwangu umefika. Sasa nenda kamwambie Robi. Mimi siwezi kukubebea."

Nilifika Itiryo baada ya siku mbili. Nilimkuta Robi nyumbani kwake na watoto watatu, mdogo yuko mgongoni. Mumewe alikuwa amekwenda machungani. Nilijitambulisha, nikaeleza tena, na mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Alisikiliza amesimama, akimbembeleza mtoto kwa kuyumba kidogo.

"Mama amekusamehe?" akauliza.

"Hakusema."

"Na mimi sisemi." Hakusema kwa hasira. Alitazama mbali kidogo, kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka kitu alichokiacha mahali. "Tulikuwa tunasoma mito. Mwalimu alichora ramani ubaoni, akasema tutamalizia Jumatatu. Baba mdogo alikuja kunichukua Jumamosi."

Nilitaka kumwambia habari za wale ng'ombe wawili niliopanga kuwaleta, nikaona ni aibu nyingine tu. Aliniletea maji kwenye kikombe cha bati, kwa sababu nilikuwa mgeni na jua lilikuwa kali. Nilikunywa, nikamrudishia kikombe. Akasema ana shamba la kupalilia kabla jua halijazidi, akachukua jembe, akaenda na watoto wake, na mimi nikashika njia ya kurudi Tarime kwa miguu.

Nimefanya kazi hii miaka mingi baada ya siku hiyo. Watu walitoka mbali, hata ng'ambo ya Sirari, wakisema nendeni kwa Mwita, yule hawezi kuwadanganya. Nyinyi wenyewe mmesema hivyo siku ile ya soda, mkapiga makofi. Hamkukosea. Ila mlidhani nilianza hivyo, na mimi nilikaa pale kwenye kiti cha mbele, nikawaacha mdhani.